Shimo Jeusi la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kosa nililigundua Jumanne saa tano asubuhi, siku mbili kabla ya mchumba wangu kutetea tasnifu yake, wiki sita kabla ya harusi yetu. Watu huniuliza kama nililitafuta. Sikulitafuta. Nilikuwa nachora picha.

Picha yenyewe ilikuwa ya kumsaidia yeye. Wajumbe wa jopo si wote wa fani yetu, na nilitaka waone kwa macho kile alichokieleza katika kurasa mia moja na kumi na nane. Ni hivi. Kuna kipimo cha nafasi na wakati, fomula ya zamani ambayo wataalamu walianza kubishana juu yake kabla wazazi wetu hawajakutana, na swali ni kama kweli inaeleza shimo jeusi lililomo ndani ya ulimwengu unaotanuka. Watu hulitaja shimo jeusi kirahisi, kama wanavyotaja shimo la taka. Lakini shimo jeusi lina masharti yake. Lazima liwe na mlango, mpaka ambao mwanga unaweza kuuvuka ukaingia salama, ila kurudi haurudi. Waliopinga walisema fomula hii haina mlango. Walisema ukifika pale mpakani shinikizo linapanda bila kikomo na kila kitu kinapasuka, kwa hiyo kinachoonekana kama mlango ni ukuta uliopakwa rangi tu.

Mchumba wangu alisema ni mlango. Daima, ulimwengu utanuke utakavyo. Hiyo "daima" ndiyo iliyofanya makala yake ikubaliwe, makala ikamletea ahadi ya kazi ya kudumu hapa chuoni, na ahadi ya kazi ikamfanya mama yake, aliyejua nilivyomsaidia kuipata, akubali kunitazama usoni.

Basi nikachukua mfano mwepesi wa kuchora, ulimwengu ambao mtanuko wake unapungua polepole hadi unafifia kabisa. Nikautuma mwale wa mwanga kuelekea mpakani, hatua kwa hatua, huku nikiandika shinikizo pembeni. Namba zilitakiwa zitulie. Zikapanda. Nikadhani nimekosea alama, nikarudia, zikapanda tena. Mara ya nne nilifunga dirisha, kana kwamba upepo ndio uliozipandisha, nikachonga penseli, nikaanza upya. Zikapanda vilevile. Nikavuta daftari letu kutoka kabatini.

Tulikuwa na utaratibu wetu, mimi na yeye. Yeye aliandika kila hesabu upande wa kulia wa daftari. Mimi niliifunika kwa kipande cha kadibodi na kuifanya upya upande wa kushoto, bila kuchungulia. Tukifika jibu moja, natia saini yangu ndogo chini. Ukurasa usio na saini hauendi kupigwa chapa. Tulifanya hivyo miaka mitatu. Wanafunzi wangu waliniita Kifutio kwa sababu sikuwahi kuacha kosa lilale ubaoni, na yeye alilichukua jina hilo akaligeuza kuwa la mapenzi.

Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja. Upande wa kulia kulikuwa na maandishi yake yaliyoinama, mistari kumi na tisa. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe. Chini yake, saini yangu.

Niliikumbuka siku hiyo. Nani anaweza kuisahau? Alikuja ofisini kwangu amelowa mvua, akaweka daftari mezani, akasema, "Kagua huu, ndio wa mwisho katika sehemu ngumu." Na kabla sijafungua kalamu akaongeza, "Halafu ukimaliza, nioe."

"Nani amuoe nani?" nilimuuliza.

"Mimi. Wewe. Yaani, we Kifutio, usinisahihishe leo!"

Nilicheka hadi machozi. Nikasema ndiyo. Nikatia saini, nikafunga daftari, nikamkumbatia na shati lake lililolowa. Kadibodi haikutoka hata kwenye mtoto wa meza.

Nilikaa na daftari lile mapajani hadi saa sita. Sitajifanya malaika. Nilifikiria kulirudisha kabatini. Hakuna mjumbe wa jopo ambaye angefika ukurasa huo akiwa na penseli mkononi. Mchumba wangu angefaulu, angepata kazi, tungeoana, na labda baada ya miaka kumi mtu wa mbali angeandika kwamba kuna tatizo dogo. Kufikia wakati huo tungekuwa na watoto. Niliifikiria hadi sura za watoto wenyewe. Kisha nikapiga moyo konde, nikaenda nyumbani kwa mama yake.

Nilimkuta mchumba wangu amesimama juu ya kigoda sebuleni, amevaa suruali mpya ya suti, na mama yake amepiga magoti chini na pini mdomoni anapunguza urefu. Mama alikuwa nesi mstaafu, miaka thelathini wodini, na mikono yake ilikuwa bado na haraka ileile ya watu wa zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akatoa pini mdomoni. "Hebu mwone huyu. Mtu wa miaka thelathini na moja hawezi kusimama wima dakika mbili."

Mwanangu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Mwaka mzima alinikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba nimemzidi mwanawe miaka minne. Ya pili, kwamba siku ya kwanza kuletwa kwake nilimsahihisha mwanawe mezani mbele ya wageni. Ni kweli nilimsahihisha. Alisema Zuhura ni nyota, nami nikasema ni sayari. Na leo, siku ambayo ningetoa chochote aendelee kunichukia ili nisiwe na cha kupoteza, ananiita mwanangu na kunisogezea kiti.

Yeye alinitazama kutoka juu ya kigoda, tabasamu likaanza kumtoka usoni. Alikuwa ananijua hadi ninavyopumua.

"Kuna nini?"

"Ukurasa wa arobaini na moja."

"Umefanyaje? Umeumwagia chai?"

"Shuka kwanza."

"Niambie nikiwa hapahapa, mama atanichoma pini nikishuka."

"Shuka, mpenzi."

Akashuka. Tukakaa kwenye meza ya chakula, nikamwekea daftari na karatasi yangu ya namba. Sikueleza. Kati yetu hakuna aliyewahi kumweleza mwenzake kosa. Unaweka karatasi, unangoja. Alisoma kiganja kikiwa shavuni. Nilimtazama kope, nikatazama kovu dogo kidevuni alipojikata siku ya mahojiano, na nilimpenda hadi nikaona aibu kwa kumtazama hivyo wakati namuua. Dakika ishirini zilipita. Mama alirudi na glasi za maji, akaona nyuso zetu, akaweka glasi mezani.

"Nimeweka mwisho kabla ya safari," alisema hatimaye.

Ndivyo ilivyokuwa. Kasi ya mtanuko ilikuwa inabadilika, na yeye, kabla mwanga haujafika mpakani, aliibadilisha kwa namba moja isiyobadilika, kama vile ulimwengu umeshamaliza kutulia. Ukifanya hivyo kila kitu kinakaa sawa. Lakini mwanga na ulimwengu vinasafiri pamoja; huwezi kuufikisha mmoja ukauacha mwingine njiani.

"Kwa hiyo wapinzani walikuwa sahihi," alisema. "Ni ukuta."

"Mtanuko ukififia, ni ukuta. Ukibaki na kasi fulani isiyoisha milele, ni mlango, na hesabu yako yote inasimama. Umethibitisha nusu."

"Nusu."

"Nusu nzuri."

"Kazi wameniahidi kwa yote, Kifutio. Nusu ilikuwa inajulikana."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Samahani, wanangu. Mimi si msomi wa mambo ya angani. Hiyo hesabu ikiwa na kasoro, kuna mtu atakufa?"

"Hapana, mama," alisema.

"Nyumba itaanguka? Daraja?"

"Hapana."

"Basi fungeni midomo hadi Ijumaa. Alhamisi upite, Ijumaa mkae hapa mrekebishe. Shimo lenyewe liko mbali huko, halina haraka."

Nasema ukweli wangu: nilitamani akubali. Nilishika ukingo wa meza nikaomba moyoni aseme, sawa, mama. Lakini alitikisa kichwa, taratibu, na nikaona mtu niliyemchagua ni huyuhuyu, na kwamba nitampoteza kwa jambo lilelile nililompendea.

"Haiwezekani, mama. Nitawaambia mwenyewe."

Kisha akafunua daftari tena, akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti bandia.

"Hesabu yako iko wapi?"

Nikasogeza glasi yangu ya maji.

"Upande wa kushoto hakuna kitu. Uliifanyia karatasi nyingine?"

"Hapana."

"Ulifanya kichwani?"

"Sikuifanya."

Aliweka daftari chini polepole. "Lakini umesaini."

"Ilikuwa ile siku ya mvua. Unaikumbuka. Ulikuwa umeniambia..."

"Naikumbuka siku. Nauliza saini."

"Nilikuwa na furaha! Sikuwa na akili ya kuhesabu hata vidole vyangu. Nilikuamini."

"Sikukuomba uniamini." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Wa kuniamini ninao. Mama ananiamini. Jirani ananiamini, hajui hata nasoma nini. Wewe nilikuomba ukague."

"Ndiyo maana nimekuja. Ningeweza kunyamaza."

"Umekuja leo. Makala imeshakubaliwa. Watu wameshainukuu."

"Ukurasa mmoja! Kurasa mia moja na kumi na nane, nimekosa mmoja!"

"Nitajuaje kwamba ni mmoja?"

Hapo nikalia. Si kilio cha kupendeza. Kwikwi, mafua, kila kitu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbali na pini zake kiganjani, na nilipomtazama nikitafuta huruma, nikaona amenikodolea macho.

"Ulitia saini bila kusoma?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Wodini kwetu dawa kali hutiwa saini na wawili," alisema, kama anajisemea peke yake. "Kila mmoja anasoma mwenyewe. Hata kama mwenzako ni dada yako wa tumbo moja."

Nikachukua mkoba wangu. Mlangoni nilimsikia akimwambia mwanawe apande kigoda wamalizie mguu mmoja uliobaki, kwa sababu Alhamisi itafika hata hivyo.

Alhamisi ilifika. Ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili, viti vya plastiki, projekta inayonguruma. Nilikaa mstari wa tatu. Mama alikaa nyuma kabisa, amevaa vizuri, mkoba umewekwa magotini. Mchumba wangu alisimama na ile suti, na kabla hajaonyesha picha hata moja akawaambia jopo kwamba hoja kuu ya tasnifu yake ina kosa, akaliandika ubaoni hatua kwa hatua, akaonyesha linapoanzia na linapobomoa. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia akieleza ukweli wowote. Alisema ameshaandika barua ya kuiondoa makala.

Profesa wake, aliyempigania ile kazi kuliko mtu yeyote, alivua miwani.

"Kosa kama hili nani alilikagua?"

"Kazi ni yangu, Profesa."

"Najua ni yako. Nauliza aliyekagua."

"Ni yangu."

Nilisimama. Kiti kikasogea kwa kelele. "Mimi ndiye nilipaswa kukagua. Nilisaini bila kukagua."

Wanafunzi wangu wawili walikuwa pale, wakainamisha vichwa kwa niaba yangu. Yeye alinitazama mara moja, na katika mtazamo ule hamkuwa na hasira wala shukrani. Alinitazama kama unavyoitazama nyumba uliyokulia baada ya kuuzwa.

Walimpa miezi sita aandike upya ile nusu. Kazi ikaenda kwa aliyekuwa wa pili kwenye orodha. Nilimngoja kwenye korido, karibu na ubao wa matangazo, nikisoma ratiba ya mitihani ambayo niliipanga mimi mwenyewe.

"Hukulazimika kusimama," alisema alipotoka.

"Na wewe hukulazimika kunificha."

"Wamenipa miezi sita."

"Nimesikia. Nitakukagulia. Kila ukurasa mara mbili. Nitakaa nao usiku na mchana."

"Profesa amenipatia mkaguzi. Yuko chuo kingine, safari ya siku nzima. Nahamia huko."

Wenzangu huachwa kwa sababu ya mwanamke mwingine. Mimi niliachwa kwa sababu ya mkaguzi mwingine, mzee wa miaka sitini na tano mwenye masikio mazito, na nilimwonea wivu.

"Na harusi?" nilimuuliza. Nilijichukia kwa kuuliza, lakini mtu akizama hachagui cha kushika.

Aliangalia sakafu. "Siku ile uliniambia ndiyo mbili. Moja uliitoa bila kusoma."

"Nyingine niliisoma miaka mitatu."

"Naamini." Akafumba macho. "Unaona? Nimesema naamini. Mimi si mtu wa kuamini, Kifutio. Nikiwa na wewe nilikuwa sihitaji. Sasa kila utakaponiambia unanipenda nitataka kuona ulifikaje hapo, na hilo si haki kwako, na sitaweza kuacha."

"Nilisaini kwa sababu nilikupenda kuliko hesabu."

"Najua," alisema. "Na mimi nilikupenda kwa sababu nilidhani hakuna utakachokipenda kuliko hesabu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika ile kola ya shati, nimwambie mapenzi hayakaguliwi, na mtu mzima yeyote anajua hivyo. Badala yake nikamnyooshea tai, maana ilikuwa imekwenda upande, na akaniachia niinyooshe. Mkono wangu ulikaa kifuani mwake kuliko tai ilivyohitaji. Kisha akashuka ngazi.

Sikuwa nimejua kwamba mama yake yuko nyuma yangu. Alikuwa ametoka ukumbini kwa mlango wa pili, akangoja tumalize, kama manesi wanavyongoja nje ya pazia.

"Muda wa saa tatu nimekaa humo ndani," alisema. "Sikuelewa neno. Nilipokuona unasimama, hapo ndipo nilipoelewa."

"Nisamehe, mama."

"Miaka thelathini nimeona makosa ya kila aina. Watu huyaficha. Wanachana karatasi, wanabadili tarehe, wanamsingizia aliyeko likizo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wanaficha tu." Akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, kwa mazoea nadhani. "Wewe ulikuja mwenyewe na daftari mkononi, siku mbili kabla, wakati hakuna aliyekuwa anakutafuta. Mambo ya umri nilikuwa najisemea tu. Nilikukataa bure. Leo ningekuomba wewe, hata kama ningepewa mabinti kumi nichague."

Mwaka mzima nililipigania neno hilo. Nilimpikia, nilimpeleka kliniki ya macho, nilijifunza kunyamaza mezani. Sasa nimepewa, na sina pa kuliweka.

"Mwambie yeye, mama."

"Nimeshamwambia. Humo ndani, jopo lilipokwisha kuamua, kabla hajatoka kwako."

"Akasemaje?"

Mama aliachia mkono wangu, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho sidhani kilikuwemo.

"Alisema anakupenda. Alilia, mwanangu, sitakuficha. Kisha akapangusa uso, akaniuliza basi la kesho linaondoka saa ngapi."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi. Lakini usiende. Ukienda atabaki, namjua, na atabaki kwa huruma. Niahidi hutaenda."

Nikamwahidi. Na ile kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nimevaa viatu, nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono miwili imeshika godoro, natimiza ahadi.